Si Njaa

Saa moja kasorobo, mtelemko wa Esansi,
maji ya mvua ya usiku bado yanakimbia mferejini,
na Pejo yangu ya mwaka wa sabini na nane
inakohoa, inakohoa, inanyamaza.

Nikaikanyagia.
Nikaikanyagia tena, kama mtu anayeua mende.
Nikavuta shoki hadi mwisho, nikageuza ufunguo;
betri ikaimba, ikanuna,
ikaguna kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.
Harufu ya esansi ikapanda toka miguuni hadi puani.
Nami, kwa akili zangu zote, nikasema: ina njaa.
Nikaongeza.

(Usiku ule nilikuwa nimempigia Nsimire mara kumi na moja.
Sikumkaripia. Nilieleza tu, nikaeleza nilichoeleza,
nikatuma ujumbe wa kufafanua ujumbe.
Binti yangu hakujibu.)

Vijana wakapanda mbio kutoka chini:
"Mwalimu, tusukume? Elfu tano tu, mtelemko si huu!"
Mama mmoja chini ya gunia la makaa,
kamba imemkata paji la uso,
alipita bila kugeuza shingo, akaiambia barabara:
"Huyu kalala na gari, kaamka na jiwe."

Ndipo Murhula akatoka kwenye kontena lake la bluu,
mswaki mdomoni.
Hakuuliza gari lina nini. Alinusa.
"Umeilisha mara ngapi?"
Nikaona haya kuhesabu.
"Haina njaa, Mwalimu. Imevimbiwa.
Na nyinyi, ondokeni. Mtasukuma esansi tu."

Miaka ishirini na miwili nafundisha kemia kule Kadutu.
Kila Septemba nachora ubaoni ile pembetatu ya moto:
kinachoungua, hewa, joto.
Anayesahau hewa
namkata alama kwa kalamu nyekundu.

Akainua boneti, akavua kifuniko cha chujio,
akaligonga bakuli la kabureta kwa mpini wa bisibisi
mara tatu, polepole,
kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
"Boya lilikwama."
Akafungua buji zote nne, akazilaza juu ya kitambaa:
nyeusi, zimelowa, meno ya mvutaji.
Akazipangusa mojamoja, akaenda kuzipitishia kiberiti mbali,
akarudi nazo.
Kisha akaketi kwenye bampa, akasukutua mdomo.

"Sasa?"
"Sasa tunaiacha."
"Kwa muda gani?"
"Mpaka uache kuuliza."

Jina lake, kwa Mashi, ni amani. Sikuwahi kulifikiria.

Tukaiacha.
Ukungu wa ziwa ukapanda hadi kwenye mabati, ukakaa.
Pikipiki zikapita zikilia. Kengele ya kwanza ya shule
bila shaka ililia bila mimi.
Simu ikawa nzito mfukoni,
kidole kinaijua njia ya jina lake hata gizani.
Nikaitoa, nikailaza kifudifudi kwenye kiti cha pembeni.

"Haya. Rudisha shoki ndani. Kanyaga hadi sakafuni,
mguu ukae hukohuko. Usipige pampu. Usibembeleze.
Geuza."

Ikazunguka kwa uvivu. Ikapiga chafya.
Ikatema moshi mweusi wa yote niliyoimiminia,
ukamfunika muuza mandazi, akatutukana,
na alikuwa na haki.
Halafu ikashika: silinda tatu,
kisha ya nne, shingo upande.

Nilimpa Murhula elfu kumi. Akarudisha tano.
"Unaona? Umeongeza tena."

Nikateremka taratibu, vioo wazi, hewa ya baridi shavuni.
Simu palepale kitini, uso chini,
ikitetemeka kidogo.
Sikuigeuza. Sikujua kama ni yeye
au ni injini tu.