Msugua Fuwele

Mwaka wa thelathini na moja huu Genovaitė anasugua fuwele
katika karakana ya chini ya ardhi, Vilnius,
chumba kikavu hata midomo inapasuka,
kwa kuwa jamii hii ya fuwele haivumilii maji:
unyevu wa pumzi tu, uso wake unaingia ukungu;
joto la kiganja tu, utasikia *tak*,
na mshahara wa mwezi umelala mezani vipande viwili.

Kioo cha dirisha, husema, ni mjinga mwema:
upite huku, upite kule, kwake ni mamoja.
Fuwele haiko hivyo. Ina mbele, ina ubavu,
kama ubao unaokubali randa upande huu
na upande ule unainua vibanzi.
Kosea mhimili kwa nusu digrii
na wiki nzima umechonga kito cha pete.

Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cha kalsiti,
kikuukuu, kona moja imemegeka,
akakiweka juu ya barua ya mwanawe
aliyekwenda Norwei kupasua samaki kiwandani.
Soma, akaniambia.
Nikasoma "nitarudi" mara mbili:
neno limelala mahali pake,
na pacha wake ameelea kando, juu kidogo.
Zungusha.
Nikalizungusha jiwe. La kwanza halikujongea.
La pili likalizunguka la kwanza
kama mbuzi na kigingi chake.

Njia mbili zilimshinda fisi,
alizitaka zote, akapasuka msamba.
Mwanga haupasuki.
Ukifika njia panda ndani ya jiwe unajigawa:
mmoja unashika sheria za kawaida,
wa pili unashika sheria za mwenyeji,
huu ukitikisika wima, huu ukitikisika mlalo,
na yote miwili inatoka ng'ambo ikiwa hai,
ila mmoja umechelewa.
Kuchelewa huko ndiko kunakotulipa.

Alasiri huja Skirmantas na nyaya zake,
shati limechomoka, kikombe cha kahawa anakiacha mlangoni
(kwa hilo Genovaitė hana msamaha).
Fuwele inavalishwa pete mbili za dhahabu,
moja kichwani, moja miguuni.
Mbele yake kichujio, nyuma yake kichujio kingine
kilichokingama, kisichoruhusu kitu.
Volti sifuri: ukuta mweusi.
Elfu moja: kijani hafifu,
kama supu iliyoongezwa maji mgeni alipobisha.
Elfu tatu na mia tatu:
doa linawaka ukutani, kali, halitazamiki.
Zima. Giza.
Washa. Doa.
Mara elfu kwa sekunde, mlango usio na bawaba.
Geuza umeme, chanya pahali pa hasi:
mwanga uliotangulia sasa unachelewa,
uliochelewa unatangulia.

Na hakuna kilichosogea!
Nimechungulia kwa lenzi hadi jicho likatoa machozi.
Jiwe ni lile lile, kimya, safi,
umeme umepita humo kama habari mbaya
inavyopita katika uso wa mtu aliyelelewa vyema.
Skirmantas anasema ni hesabu, ataniandikia.
Genovaitė anasema: limeguswa.
Kisha anainamisha sikio,
kwani baadhi yao, zikipigwa umeme haraka haraka,
huimba, sauti nyembamba mno,
na yeye pekee humu ndani ndiye anayeisikia,
au ndivyo anavyodai.

Jioni tunangoja basi la nyaya, theluji begani.
Barua ile nimeiona tarehe yake.
Ina miaka tisa.
Majuzi, kalsiti ikiwa palepale juu ya karatasi,
nilimuuliza, kwa upumbavu wangu,
kati ya hayo mawili neno lenyewe ni lipi.
Ondoa jiwe, akasema, utaliona.
Nikanyoosha mkono.
Akaushika.