Sikio la Kulia

Barua ile niliiandika mimi.
Saini ni ya jaji, muhuri ni wa Bodi,
lakini vidole vilivyochapa "hatuna mamlaka
ya kusikiliza shauri hili" ni hivi,
na siku hiyo vilinuka chungwa,
maana nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kula.

Verna Halvorsrud, wa Minot, Dakota Kaskazini.
Miaka kumi na mmoja jeshini, fundi wa malori.
Bomu la kando ya barabara lilimwachia sikio moja,
la kulia. La kushoto, aliniambia kwa simu,
"limebaki la kuning'inizia hereni."

Aliomba kazi kwenye karakana ya kaunti,
kutengeneza magari ya kusukuma theluji.
Sheria yasema aliyeumia vitani
aongezewe pointi kumi.
Akaongezewa. Akaongoza orodha.
Kisha orodha ikafutwa, nafasi ikatangazwa upya,
na kazi akapewa kijana mmoja
ambaye kila Jumamosi hutoboa barafu
na kuvua samaki pamoja na msimamizi.

Akatuandikia.
Tukamjibu: kaunti si serikali kuu, nenda jimboni.
Jimbo likajibu: siku kumi na tano zimepita.
(Tisa kati ya hizo, barua yake ilikuwa mezani kwangu,
chini ya kikombe.)
Mahakama nayo: huji kwetu
kabla hujamaliza njia ya kule.
Kule wapi?
Kule ni kwetu.

Sijui kwenu mnaiitaje. Mimi nilikotoka,
mtu akirushwa hivi, mguu kwa mguu,
tunasema kapigwa danadana.
Ila mpira haulipii petroli.

"Kikosini," alisema, "hata choo kilikuwa na kamanda.
Bomba likiziba ulijua nani atakufokea.
Huku kwenu kila mtu ana cheo,
na hakuna aliye zamu."

Februari akaja mwenyewe Minneapolis,
saa nane usukani,
koti limeganda chumvi ya barabarani mpaka magotini.
Akasimama dirishani pangu, hakuketi.
"Sikuulizi mwenye haki ni nani," akasema.
"Nauliza mwenye sikio."

Nikamsomea kifungu.
Nilikisomea upande wake wa kushoto.
Sikukusudia.
Nadhani sikukusudia.
Alinitazama midomo mpaka nikafika kwenye nukta,
akageuza kichwa taratibu,
akasema, "Rudia. Huku."

Nikarudia. Maneno yale yale,
lakini sasa yalikuwa yanafika mahali,
nami nikayasikia yanavyofika:
endapo, isipokuwa, kwa mujibu wa,
kama mtu anayehesabu misumari
huku nyumba inaungua.

Nje likapita gari la theluji, linakohoa.
Akainua kidole kuninyamazisha.
"Silinda ya nne," akasema. "Halifiki Machi."
Kwa sikio moja, kupitia kioo,
gari asilowahi kuliona.
Akaikunja barua yangu mara nne,
akaitia mfukoni palipokuwa na spana, akatoka.

Lilifika Machi. Tarehe mbili.
Likazimika katikati ya makutano,
bledi imeinuliwa kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema,
na theluji ikalianguka taratibu, bila kuharakishwa,
haikuuliza eneo lile ni la nani.
Nilitembea mpaka kazini, soksi zimelowa,
nikimfikiria yeye, na kijana wa samaki,
na jinsi sisi sote tulivyokuwa sahihi kisheria.

Leo kuna bahasha kutoka Minot.
Kurasa mbili, kalamu imekandamizwa
mpaka herufi zinapapasika nyuma.
Hajabadilisha swali.

Mimi si jaji. Mamlaka sina
hata ya kufungua dirisha hili lililopigwa misumari.
Nimegonga tarehe ya leo, kwa wino wa kutosha,
nikaliweka jalada lake juu ya mengine yote,
na kikombe
nimekiweka sakafuni.