Saa za Tyra Beaulieu

Kila Jumatano saa tatu asubuhi napiga simu
na majimbo yanaitika moja moja, kama watoto darasani:
Minnesota yupo. Wisconsin yupo.
Ohio yupo, ila anakohoa.
Kentucky atachelewa, dhoruba imekata umeme.
Mimi si mkuu wa yeyote. Hilo nalisema mwanzo,
nalirudia mwisho, asije mtu akanuna.
Kazi yangu ni kushika kamba katikati
pasipo kuivuta.

Ajenda ni ndefu: fomu mpya, nembo mpya,
nani aandike "mwanagenzi", nani "mwanafunzi kazini".
Neno hilo tunalibishania tangu theluji ya Novemba.
Kidole kimoja hakivunji chawa, nakubali,
lakini sisi ni vidole vya mikono mbalimbali,
kila kimoja na mwanasheria wake,
na chawa anatembea.

Ndipo Ardis Halvorsen wa Minnesota,
ambaye husema mara mbili kwa mwaka,
anasafisha koo.

"Nina binti mmoja, Tyra Beaulieu. Fundi bomba, mwaka wa tatu.
Anaishi Duluth, upande wetu.
Mwajiri alimpeleka Superior, ng'ambo ya daraja,
akachomelea mabomba Januari hadi Machi
kwenye baridi inayogandisha kope.
Saa mia nne na kumi na mbili.
Kitabu chake kimetiwa saini kila ukurasa.
Kwetu hazihesabiki, maana zilifanyika kwenu.
Kwenu hazihesabiki, maana yeye ni wetu.
Naomba kuuliza tu: ziko wapi?"

Kimya.
Kuna aliyesahau kuzima kipaza sauti;
tunamsikia mbwa wake akinywa maji.

Daraja lile nimelivuka mara moja,
meli ya madini ikipita chini polepole kama deni.
Sasa naziona saa zile zimekaa juu yake, katikati,
zimevaa kofia ngumu, mikono kwapani,
zinangoja mtu wa upande wowote
aziite kwa jina.

"Nani aliyesaini?" anauliza Dale Wisniewski, wa Wisconsin.
Karatasi zinachakarika. "R. Kowalke."
"Rueben Kowalke?" Anacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.
"Huyo alinifukuza kazini mara mbili.
Hasaini kiungo asichokipapasa mwenyewe.
Zilete. Nitaandika barua."
"Barua gani? Hatuna fomu yake."
"Basi barua isiyo na fomu."

Ohio anaacha kukohoa.
Kentucky, aliyeingia sasa hivi, anauliza tumefika wapi,
na hakuna anayejua amwambieje.

Kwenye kumbukumbu za kikao naandika:
*Kipengele cha nne. Saa zimevuka.*
Nafuta. Wakubwa hawapendi mafumbo.
Naandika: *Majimbo mawili yataandikiana.*
Ni kweli pia, ingawa ni kweli iliyovaa tai.

Tyra mwenyewe hajui lolote.
Saa hii yuko chini ya sakafu ya shule fulani,
tochi mdomoni, spana mkononi,
analaani nati iliyokazwa na mtu
aliyestaafu kabla hajazaliwa.
Ikilegea, atajifuta vumbi, atachomoa kalamu,
ataandika: saa moja.

Sisi tumerudi kwenye lile neno.
Kura ni nne kwa nne.
Tutaendelea Jumatano.