Taa Tatu

Ukiibonyeza inawasha taa tatu za kijani.
Nimeshiba, inasema, twende kazi.
Skrubu ya kwanza inazama kwenye msonobari
kama kijiko kwenye uji,
ya pili inanung'unika,
ya tatu inakwama nusu, kichwa nje,
na keekee mkononi mwangu inageuka chuma tu.
Naichomoa betri, naibonyeza tena:
taa tatu.
Mwongo wa macho makavu.

Hapa Sodankylä, Januari,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
jua linachungulia kidogo kisha linarudi kulala,
betri nazibeba makwapani,
moja huku, moja kule, kama mayai ya kuazima.
Usiku nazilaza kitandani.
Mke wangu Hilkka aligonga moja kwa kisigino,
akaniuliza kwa ule upole wake unaotisha:
"Ni mimi au ni hizi?"
Nikamjibu, hizi zina dhamana ya miaka mitatu.
Hakucheka.

Na hiyo dhamana!
Nilimpelekea Jouko dukani risiti
iliyofifia hadi ikawa karatasi tupu,
nyeupe kama kiwanja nje ya dirisha lake.
Akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza,
akaigeuza tena, maskini, alijitahidi.
"Ulijisajili ndani ya siku thelathini?"
Nani hujisajili, Jouko?
Mtu hununua betri akakaze skrubu.

Ile iliyogoma kabisa nikaipasua mwenyewe,
jikoni, juu ya gazeti la juzi.
Seli kumi, zimelala jozi jozi kama soksi.
Jozi nne nikazipima: nzima.
Ya tano, ile ya pembeni, imeshuka kimyakimya,
na ubao mdogo wa umeme,
bawabu asiyesikia rai,
umewafungia mlango wote kumi.
Sikuona kilichooza.
Ilichoka tu mapema kuliko wenzake.
Nikakaa nayo pale mezani
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa Martta Keskitalo anarudi
kutoka hospitali ya Rovaniemi, nyonga mpya,
na ngazi zake nne za mlangoni hazijui habari hiyo.
Alhamisi jioni mteremko wake wa mbao
umebakiza skrubu sita.
Betri zangu zote zimeshaaga.
Nikachukua bisibisi ya mkono,
tochi kwapani, mahali pa betri,
nikazungusha, nikapumzika, nikazungusha,
nikaitukana kampuni, nikamtukana Jouko,
nikamwomba Jouko radhi, nikazungusha.
Kiganja kikavimba lengelenge.
Sita zikaingia, hakuna hata moja iliyonyooka.

Teksi ikafika mchana.
Martta, miaka themanini na moja, koti la zambarau,
akakaa juu ya mteremko
kwenye kiti kipya cha umeme cha kuazimwa,
akazitazama sita zangu.
"Hizi zimelewa," akasema.
Nikasema, zilikunywa gizani.
Tukacheka hadi pumzi zetu zikawa wingu moja.

Akataka kushuka, kwenda kuona sanduku la barua.
Kwenye mkono wa kiti kuna kitufe.
Akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa fahari.
"Angalia," akasema, "kimejaa. Taa tatu."

Sikusema kitu.
Nilivua glavu,
nikaja nyuma ya kiti, nikashika.