Fremu Kumi na Moja

Shee Mwinyipembe amekufa na deni langu:
fremu kumi na moja za mvule,
pembe nimezikata kwa msumeno wa marehemu baba,
na msumari hata mmoja haukuchungulia nje.
Silidai. Naliandika tu,
kwa kuwa daftari langu limezoea jina lake.

Alikuwa mchoraji wa sura.
Mabibi harusi wa Kuze, mahaji waliorudi,
mameneja wa benki wenye tai za kuazima:
hao walimlipia wali.
Rangi iliyobaki kibaoni
aliwawekea watu wa ndege.

Usidhani alichora ndege.
Ukimwuliza, "Shee, mbona mabawa siyaoni?"
atakujibu, "Mabawa kila mtu ameyaona.
Nitafutie aliyeyafuta vumbi."

Babake alikuwa rubani wa Kilindini,
akiziingiza meli kwenye mlango wa bandari.
Lugha yetu haikujisumbua kutafuta neno jingine:
rubani ni rubani,
awe juu ya maji ama juu ya mawingu.
Nadhani ugonjwa wa Shee ulianzia hapo.

Akawa hakai. Changamwe, Port Reitz, Magongo,
hodi nyumba hii, hodi nyumba ile,
kwapani bahasha ya picha zilizoliwa na chumvi:
wazungu watatu, ndege moja,
na pembeni, mkasi umempitia mtu,
umebaki mkono mweusi ulioshika mpira wa mafuta.
"Mkono huu wa nani?"
Miaka minne, swali hilo hilo.
Watoto wakamwita Mzee Mkono.

Hata siku moja Kadzo wa Ngowa akavaa miwani,
akaisogeza picha dirishani, akasema,
"Kidole cha mwisho kimepinda. Huyu ni baba.
Mlango wa kanisa la Rabai ulimbana."

Mkono umepata mwenyewe, uso hamna.
Shee akawaketisha watoto na wajukuu,
akaazima: pua kwa huyu, paji kwa yule,
kidevu kwa kijana aliyetafuna mabuyu
na hakutaka kutulia.
Kadzo alipofunuliwa picha hakulia.
"Masikio makubwa mno," alisema,
kisha akaomba maji.
Shee akayapunguza masikio.

Mwanawe alimtumia tiketi ya Nairobi, mara moja.
Alifika uwanjani alfajiri, kanzu imepigwa pasi,
akamwona mama anayepiga deki,
akatoa penseli.
Ndege ikamwacha.
Mama yule ni fremu ya saba.

Na turubai ya dukani hakuitaka kabisa.
Alichora juu ya marekani, kwa ajili ya Mwana Esha,
mshona kofia wa Kibokoni.
Alihadithiwa hivi, nami nakuhadithia hivi:
zamani bawa la kitambaa lilichanika Port Reitz,
kitambaa cha kulitia kiraka hakipo,
ikaletwa marekani iliyokuwa imewekwa akiba ya sanda,
na Mwana Esha akaishona kwa mshono wa kofia,
sindano ndogo, tundu kwa tundu.
Ndege ikapaa na sanda ubavuni.
Ikarudi salama.
Sanda ilikuwa ya nani? Hilo Shee hakulipata,
na lilimkosesha usingizi
kuliko deni langu.

Ijumaa tulipomzika niliitazama ile nguo nyeupe
nikawa natafuta mshono.

Picha ziko kumi.
Fremu ya kumi na moja alinipa vipimo tu,
jina hakutaja, nami sikuuliza,
nilijua atakuja.
Nimeitundika karakanani, Mikindani,
ndani yake ukuta na alama za penseli yangu.
Ndege inaposhuka, bati linatetemeka,
fremu inalala upande.
Naweka randa chini, nainuka, nainyoosha,
narudi kwenye kitanda cha watu
kinachotakiwa Jumamosi.