Chane Kumi na Moja

Haurefuki kama mtende, ghadafu.
Umechuchumaa kwenye changarawe za wadi, nje ya Ibra,
rangi ya majivu, ncha zote mbele,
na mbuzi wanaokula hata maboksi
wanaupitia kando.

"Si mkindu huo," mama alinionya.
"Wala si mwaa. Huo hauna adabu, unakata."
Alitoka Wete mwaka wa sabini na mbili
na ukili ulioanzwa, umekunjwa sandukuni,
chane kumi na moja, haujatiwa rangi.
Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu.

Jirani, Mizna bint Hilal, alimwita wa Zanzibar.
"Mimi Mpemba," mama alijibu kwa Kiswahili,
kila asubuhi, miezi minne,
na mazungumzo yakaishia hapo.

Ikakatika kamba ya kisima.
Mizna akashika mundu, akashuka wadini,
mama nyuma yake, mimi nyuma ya mama.
Akakata makuti machanga, yale ya moyoni,
akayalaza majini chini ya mawe siku tatu,
akayaponda, akayasokota juu ya paja
bila kutazama, kama mtu anayejikuna.

Mama akavua viatu. Akakaa.
Akachana kuti kwa ukucha, akaanza kusuka:
juu, chini, juu, ruka mbili.
Mizna akaacha kamba yake.
Akahesabu kwa kidole, wahid, thnen,
hadi kumi na moja,
akacheka mpaka akashika mbavu.

Baada ya hapo nyumba yetu ilijaa:
mkeka wa kuanikia tende, kawa la chakula,
hatamu ya punda aliyeitafuna usiku uleule,
tasbihi ya kokwa thelathini na mbili
na kifungo kimoja cha shati.
Nilipopasua goti, Mizna alinibandika
ile sufi ya kahawia ya kwenye shina.
Kovu ninalo.

Leo kisima kina pampu.
Mafuriko ya juzi yalichukua ukuta, barabara,
na gari la mjukuu wa Mizna, jipya.
Ghadafu ulilala kifudifudi siku mbili,
ukaamka na plastiki nyeusi kichwani.

Nimekuja toka Maskati na viatu vya ofisini.
Nimekata kuti moja. Limenikata.
Ukili wa mama uko mapajani,
nauendeleza pale alipoachia,
unakwenda upande.
Nahesabu kwa lugha zote mbili;
nikifika saba, napotea.