Mraba Mweupe

Upanga, chumba namba tisa, feni imegoma.
Daktari Nanzia anachora ukoo wa Mwanahawa:
duara ni mwanamke, mraba mwanamume,
duara likijazwa wino, ni ziwa, kisha sanda.

Bibi, wino.
Shangazi wa Temeke, wino.
Shangazi Chausiku, waliyesema karogwa na mawifi,
wino.

“Lakini baba yangu yu mzima.
Bado anafyatua matofali Mbagala.”

Kalamu inasita juu ya mraba mweupe.
Tarishi hajui kilichomo bahashani:
kosa la herufi moja, damuni,
limeshuka pamoja na pua yake, na kicheko chake.

Mwanahawa anapandisha mkono wa gauni.
“Chukua. Ila hapo chini acha nafasi,
nina binti, yuko darasa la pili.”